Mistari ya Buji Kwenye Furu ya Shangazi

Harufu ya buji, yaani mshumaa, iliyozimwa hivi punde, ule moshi mwembamba unaopanda kutoka kwenye utambi, hunirudisha Kindu kila mara. Wengine wakiisikia hukumbuka kanisa, wengine hukumbuka matanga. Mimi hukumbuka mikate. Najua haieleweki, maana buji na mkate havina undugu. Lakini kaeni kidogo niwaeleze, kwa sababu mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu hatukuonja mkate kabla buji mbili nzima hazijakwisha, na hazikuisha kwa kutuangazia.

Tulikaa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, upande wa Kasuku, karibu na stesheni hivi kwamba treni ya mizigo ikipita vikombe vilisalimiana kabatini. Zamani nyumba yetu ilikaliwa na Mzungu wa kazi ya madaraja. Alipoondoka aliacha vitu viwili ambavyo hakuna aliyeweza kuvibeba: mti wa avoka na furu. Furu ndivyo tulivyoita jiko la kuokea mikate. Ile ilikuwa ya chuma, imenifikia kifuani, imepakwa rangi ya buluu iliyokoza na kung'aa kama sahani. Ilikuwa na mlango mbele, mahali pa kuni ubavuni, na bomba la moshi lililotoboa paa la jikoni letu la nje. Mpini wa mlango ulikuwa umepotea, na kutu ilikuwa imekula pembe zote. Mama alipikia mbabula yake, jiko dogo la makaa, pembeni bila hata kuitazama. Mwenye furu kwa kweli alikuwa kuku mmoja mwekundu, aliyetagia humo ndani, na kila tulipofungua mlango alitutolea macho kama mwenye nyumba aliyeamshwa na wageni wasio na adabu.

Shangazi Mwavita alikuja kukaa nasi kiangazi kilipoanza. Alikuwa dada mkubwa wa baba. Mama yao alifariki baba akiwa bado ananyonya, na shangazi, msichana mdogo wakati ule, ndiye aliyemlea kwa uji wa mchele na kumbeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Baba alimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu, lakini aliitika sauti yake kama mtu anavyoitika sauti ya mama. Miaka mingi shangazi alikuwa amekaa kwenye misheni moja upande wa Pangi, katika nyumba za wagonjwa. Sisi watoto tuliambiwa tu kwamba aliugua zamani, akapona, kisha akabaki huko kuwasaidia masista jikoni. Jina la ugonjwa halikutamkwa kwetu. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimekunjika, kama vya mtu aliyeshika kitu kidogo asichotaka kionekane, na vya mkono wa kulia vilikuwa vifupi. Nilipomwuliza mama, alinijibu kwamba ni kazi nyingi, akanituma maji.

Mnawajua watoto. Wiki ya kwanza tulimwogopa, ya pili tukawa tunagombana nani alale kwenye mkeka wake. Na alikuwa na jambo moja lililotufanya tumwone si mtu wa kawaida: moto haukumwogopesha. Alifunua sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, inayochemka kwa mkono mtupu, akakishika kile kifuniko huku akionja chumvi, taratibu, kana kwamba ameshika jani la mgomba. Kaka yangu Amuri alisema shangazi amechanjwa dawa ya moto. Niliamini kabisa, nikamwendea kwa siri nikamwomba anichanje na mimi. Alicheka mpaka akafuta machozi. Niliona pia kwamba mama, kila alipokuwa karibu, alikiwahi kile kifuniko na kitambaa, akisema, "Lete nikusaidie, yaya," wakati hapakuwa na kazi yoyote ya kusaidia.

Haukupita muda shangazi akaigundua furu. Aliizunguka, akafungua mlango, akamwomba kuku radhi, akaingiza kichwa na kuchunguza. Jioni alimwambia baba kwamba kule misheni yeye ndiye aliyekuwa akioka mikate ya watu wote, na kwamba hii furu ilikuwa nzima, ilikosa tu mtu wa kuipenda. Aletewe unga na chachu, basi. Amuri na mimi tulitazamana. Asubuhi zetu zilikuwa za muhogo au za wali uliolala. Mkate ulikuwa kitu cha watu wa maduka, tulikijua zaidi kwa harufu.

Baba hakuwahi kumkatalia dada yake kitu. Safari hii aliinamisha kichwa, akatazama miguu yake.

"Bado, yaya," alisema. "Tujue kwanza inje yake inapata moto namna gani."

"Inje? Mikate iko ndani."

"Saidi ameanza kutembea. Iko anashika kila kitu."

Saidi alikuwa kitinda mimba wetu, wa mwaka mmoja na kitu, na ni kweli alikuwa ameanza kutembea kwa kushika kuta. Shangazi alimtazama mtoto, akamtazama baba, akasema ni vizuri.

Niwaambie kidogo juu ya baba. Alianza kazi ya reli enzi za treni za moshi, akilisha kuni kwenye tumbo la mashine, na chuma alikijua kama mfugaji anavyomjua ng'ombe mkali. Alikuwa na msemo aliourudia kila alipoona mtoto karibu na mbabula: maji yakichemka yanasema, lakini chuma kinanyamaza, utajua ngozi yako ikibaki pale. Kwa hiyo hakutaka kuipima furu kwa mkono wa mtu. Jumamosi moja, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, wakati mtaa mzima ulikuwa umerudi kutoka kufyeka majani ya barabara na kila mtu amekaa anapepea shati lake, alimtoa yule kuku na nyasi zake, akamhamishia kwenye kapu. Kisha akaifuta furu mpaka ikang'aa, akatoa buji mfukoni.

Alichora nayo kama mwalimu anavyochora kwa chaki. Mistari mitano ubavu huu, mitano ubavu ule, mlangoni, juu ya mlango, chini ya mlango, kwenye kipande cha chuma alichokifunga badala ya mpini. Ile rangi ya buluu ikajaa michirizi myeupe. Alituweka kila mmoja mahali pake: Amuri ubavu wa kulia, mimi wa kushoto, yeye mwenyewe mbele. Akatufundisha namna ya kusoma. Buji ikibaki nyeupe, mkono unaweza kukaa. Buji ikitoka jasho, mkono uondoke. Buji ikitiririka, mkono usifike kabisa. Shangazi alikaa kwenye kigoda na beseni la unga uliokandwa mapajani, amelifunika kwa kitenge kama mtoto aliyelala.

Kuni zilishika. Kwanza kulikuja harufu ya kutu na ya manyoya ya kuku, halafu ile harufu ya buji inayolainika. Sikumbuki kama tulisubiri sana. Mstari wangu wa kwanza, ule wa karibu na kuni, ulianza kung'aa, ukawa kama jicho linalotaka kulia, kisha ukashuka. Wa pili ukaufuata. Amuri upande wake akawa anahesabu kwa sauti iliyokuwa inapungua nguvu. Mlango wote ulitiririka. Baba alichovya kidole kwenye maji akarusha tone juu ya mlango. Tone halikukaa, liliruka, likacheza, likaisha.

"Basi," alisema, akaanza kuzitoa kuni.

Nilimchukia baba siku ile, na sioni haya kuwaambia, maana ni zamani. Shuleni nilikuwa nimekwisha kujisifu kwamba kwetu Jumamosi tunakula mikate ya moto. Shangazi alisema kwa upole kwamba kule misheni alikuwa akiegemea furu asubuhi nzima na hakupata kitu. Baba akamjibu, kwa upole uleule, kwamba ile ilikuwa ya matofali, ukuta wake mnene kama urefu wa mkono, na hii ni bati. Shangazi hakubisha. Aliuchukua unga wake akaukata vipande vidogo, akavikaanga kwenye mawese, tukavila vikiwa na rangi ya machungwa. Vilikuwa vitamu, lakini mimi nililia huku natafuna. Nilimwambia mama kwamba baba ni mwoga. Mama aliacha kupepeta mchele.

"Baba yako anajua kitu anaogopa," alisema. Akarudi kwenye ungo wake.

Majuma mawili yaliyofuata, kila jioni akitoka atelye, karakana ya reli, baba aliivua furu nguo. Alifungua bati za ubavuni, na tukaona kwamba zilikuwa mbili mbili, na katikati yake mle mlimokuwa zamani na kitu cha kuzuia moto sasa mlikuwa na vumbi na viota vya panya. Alitutuma tulete udongo wa kichuguu, majivu, na makapi ya mpunga kutoka kwenye mashine ya kukoboa. Tulibeba mabeseni mpaka shingo zikauma. Alichanganya, akakanda kwa miguu, akashindilia ule uji mzito katikati ya bati mpaka zikajaa, mlangoni pia. Upande wa kuni alijenga ukuta mdogo wa matofali. Alichonga mpini wa mti mgumu, akaulainisha kwa kipande cha chupa. Kisha akasema ikauke, mtu asiwashe, Jumamosi tutapima tena.

Katikati ya siku zile nikaona jambo ambalo sikupaswa kuliona. Nilifungua mlango wa chumba cha mama bila kubisha. Shangazi alikuwa ameketi kitandani, na mama alikuwa anamfunga kitambaa karibu na kidole gumba cha kulia. Pale palikuwa na lengelenge kubwa, limejaa maji, la aina ambayo mimi ningelipiga nalo kelele mpaka stesheni. Shangazi alikuwa anatazama dirishani, anaongea habari za bei ya chumvi, kana kwamba mkono ule ni wa jirani. Mama aliniona, akanitoa kwa macho. Nikakaa kwenye ngazi nikifikiri. Hapakuwa na dawa ya moto, basi. Moto ulimchoma shangazi kama unavyotuchoma sisi, ila yeye hakuambiwa. Sikuelewa inawezekanaje. Nilijua tu kwamba tangu siku ile sikumwomba tena anichanje.

Alhamisi nilirudi kutoka shuleni mchana, koo limekauka kwa nyimbo za chama tulizokuwa tukiimbishwa uwanjani kabla ya masomo. Nilipopinda kwenye kona ya nyumba nikaona moshi unatoka kwenye bomba la jikoni. Halafu harufu ikanifikia: mkate, mkate wenyewe, mnene na wenye utamu wa kuungua kidogo. Kwa hatua mbili tatu nilifurahi. Kisha nikakumbuka kwamba mama yuko sokoni na baba yuko kazini.

Mlangoni mwa jikoni nilisimama. Saidi alikuwa amelala kwenye mkeka. Shangazi alikuwa amesimama kando ya furu, amefumba macho, anaimba kwa pua wimbo wa masista. Mkono wake wote wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka vile vidole vifupi, ulikuwa umelala kwenye ubavu wa furu, umeegemea, umetulia. Upande wangu. Pale pale nilipoona mistari ikishuka kama machozi.

Nilimwita. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Shangazi, mukono."

Alifumbua macho. Aliuondoa mkono taratibu, akaupeleka kwenye mwanga wa mlango, akautazama mbele, akaugeuza, akautazama nyuma. Sijasahau jambo lile mpaka leo: aliutazama mkono wake ili ajue habari zake, kama mtu anayesoma barua. Alipomaliza kusoma akatabasamu.

"Hauna kitu," alisema.

Nilimkimbilia nikaushika. Ulikuwa na unga, ulikuwa na joto la kawaida la mtu, na ngozi ilikuwa nzima yote. Nikaweka kiganja changu kwenye ubavu wa furu, nimekaza meno. Ilikuwa vuguvugu, kama tumbo la kuku anayeatamia. Nilihesabu mpaka ishirini na kiganja changu kikabaki pale pale. Ndipo nikakaa chini nikalia kwa nguvu zote nilizozikosa mlangoni. Shangazi akauliza sasa nalia nini, na mikate inaiva.

Bado nalia, baba akaingia. Jirani aliyepita karibu alikuwa amefika atelye na kumwambia jikoni kwake kunatoka moshi. Alikuwa amekimbia kukata njia za reli, na ovaroli yake ya kazi, na jasho limemwagika mpaka kifuani. Hakusalimia. Alichukua mikono yote miwili ya dada yake, akaigeuza, akaigeuza tena. Alivisoma vidole kimoja kimoja. Hakumgombeza. Kisha akatoa kipande cha buji mfukoni, akachora: ubavu wa kushoto, wa kulia, mlango, mpini, juu ya mlango. Tukasimama kutazama, sisi watatu, na Saidi aliyeamka akatambaa akaja kushika suruali ya baba.

Mistari ilibaki. Ubavuni ilibaki myeupe, mkavu kila mmoja. Mlangoni ilibaki. Juu ya mlango tu, kwenye ukanda wa upana wa vidole vitatu, buji ilitoka jasho na kuanza kushuka. Baba alisubiri muda ambao ungetosha mikate mingine kuiva. Kisha akaketi juu ya rundo la kuni, akacheka. Alikuwa mtu wa kutabasamu, si wa kucheka, na kicheko chake kilitoka kama kitu kilichokuwa kimebanwa muda mrefu, kinakohoa, kinasimama, kinaanza tena.

"Iko muzima," alisema. "Iko muzima." Sikujua anasema furu au mkono.

Mikate ilitoka imeungua upande mmoja, ule wa karibu na kuni. Tuliila hivyo hivyo, ya moto, tukipuliza vidole, na mama aliporudi na kapu lake kichwani alitukuta midomo imejaa. Alifungua kinywa ili atugombeze, baba akamwekea kipande humo. Jumamosi baba alileta rangi nyekundu ndani ya kopo la sardini, akapaka ule ukanda wa juu ya mlango. Ikawa sheria ya nyumba: kwenye nyekundu, hakuna wa kugusa. Kuanzia hapo shangazi alioka kila Alhamisi. Majirani wengine mwanzoni walikataa mikate yake, wakitoa sababu za tumbo. Watoto wao hawakuwa na sababu. Walikuja wenyewe, na baadaye mama zao wakaja kuwatafuta, wakabaki.

Miaka kumi ilipita, nikaenda Kisangani kusomea uuguzi. Siku moja mwalimu alitufundisha ugonjwa wa ukoma. Alisema dawa humponya mgonjwa, lakini mara nyingi mikono hubaki haisikii tena, wala joto wala maumivu, na watu hao huungua wakipika bila kujua. Niliweka kalamu chini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimeketi kwenye benchi, lakini nilimwona baba na buji yake, anachora.

Kwa ajili ya Saidi, baba alisema mwaka ule. Nilipofikiri vizuri nikakumbuka kwamba siku zile Saidi alikuwa mgongoni mwa mama kila alipokuwa anapika; jikoni hakuachwa peke yake hata mara moja. Baba, ambaye alituadhibu kwa uongo mdogo wa ndizi zilizopotea, alidanganya majuma matatu mfululizo. Alituacha tumwite mwoga. Angesema ukweli, dada yake aliyemlisha kwa mikono ile ile angekuwa mgonjwa tena, ndani ya nyumba aliyokuja ili awe shangazi tu.

Likizo ile nilirudi Kindu, nikamkuta shangazi amezeeka, ameketi anachambua sombe. Nilimwuliza kwa kuzunguka, kama mtu anavyouliza mambo ya wakubwa. Hakuzunguka.

"Nilijua siku ya kwanza," alisema. "Baba yako hajue kudanganya. Tangu mutoto, akidanganya anaangalia miguu yake."

Nikamwuliza juu ya Alhamisi ile, kwa nini alifumba macho na kuegemea, wakati hakuna aliyekuwa amepima.

"Nani alikuambia hakuna? Masista walitufundisha, macho njo mukono yetu. Nilichora buji mara mbili. Ilibakia nyeupe. Kisha nikapangusa, baba yako asione."

Miaka ile kumi yote nilikuwa nikiota mkono ule kwenye bati. Nikamwuliza kwa nini alipangusa, kwa nini hakumwambia baba kwamba anajua, na kwamba anaweza kujichunga. Aliendelea kuchambua majani yake kwa muda, yale mabovu huku, mazuri huku.

"Nilimuchunga miaka mingi," alisema. "Aliona ni zamu yake. Ningemukatalia namna gani?"

Sikumwambia baba wakati shangazi yu hai. Niliona si siri yangu. Nilimwambia baada ya matanga yake, watu wamekwisha kutawanyika, tumebaki wawili kwenye ngazi ya nyumba. Alinisikiliza mpaka mwisho akitazama miguu yake, ingawa safari hii hakuwa na la kudanganya.

"Alipangusa?" aliuliza.

"Alipangusa, baba."

Treni ya mizigo ilipita, ikaenda zake. Kisha akaniomba nimweleze tena, tangu mwanzo, pole pole.